Talaka ya Mkia wa Taa

Mwanamume mwenye akili zake akitaka kuapa huapa kwa Mungu, kisha hunyamaza. Ubwa Shaame wa Amani yeye huapa kwa mkewe, na akishaapa ndiyo kwanza maneno yanamjia.

Kwa mtindo huo alikuwa keshatumia talaka mbili katika ndoa ya miaka tisa. Ya kwanza ilikwenda na pweza. Alimleta mwenyewe kutoka kwao Kizimkazi, akamsifu kwa ulaini, akaapa kuwa asipoiva kwa magharibi Nadra kaachika. Pweza akabaki mgumu mpaka watu wanatoka isha. Ya pili ilitoka kwenye mpira, mchezaji alipokwenda kupiga penalti na Ubwa akasema, asipofunga huyu, mie sina mke. Mpira ukapaa, na mke akapaa nao. Mara zote mbili Ubwa alirejea, uso chini, doti ya khanga mkononi, na Nadra akaipokea khanga kwanza ndipo akampokea mwenye khanga. Lakini talaka ni tatu, hazikuwahi kuwa nne, na hesabu hiyo anaijua hata aliyekimbia skuli darasa la pili.

Nyumba waliyokaa ilikuwa ya Nadra, kaachiwa na marehemu baba yake. Walikaa humo wao wawili na watoto wao, na Bi Mwatima, mama yake Ubwa, aliyehamia mjini miguu ilipoanza kumuuma. Siku hizo watoto walikuwa likizo Jambiani kwa upande wa Nadra, na hilo lilikuwa jema, kwa sababu yaliyofuata si ya kutazamwa na mtoto.

Barza ya nyumba hiyo ilikuwa chini ya dirisha la Nadra hasa. Yeye hukaa ndani akidarizi kofia, wanaume hukaa nje wakinywa kahawa, na hakuna lililosemwa barzani likapotea.

*

Jumapili alasiri barza ilijaa, na mazungumzo yalikuwa ngumi. Unguja ngumi zilikaa marufuku miaka mingi, na vijana wa rika la Ubwa walipotaka kupigana walikwenda kwenye karate. Sasa zimeruhusiwa, kila mtu kawa bondia, na wasiokuwa mabondia wamekuwa walimu wao. Ubwa alikuwa anafanya mazoezi ya ngumi kwenye banda moja nyuma ya uwanja, na kule alikwenda na pigo alilotoka nalo kwenye karate. Huzunguka kwa kisigino, humpa mtu mgongo, halafu mkono unakuja kwa nyuma ukampata mtu shavuni kabla hajajua umetoka wapi. Mwenyewe aliliita mkia wa taa, kwa yule samaki wa kwao ambaye ukimkanyaga hukupiga huku kakupa kisogo.

"Ngumi si karate, Ubwa," alisema Masoud, jirani yao, fundi wa feni na pasi, mtu mpole aliyefiwa na mkewe mwaka juzi. Yeye naye alikuwa akifanya mazoezi kwenye banda lile lile. "Ulingoni ukimpa mtu mgongo, kwanza unapigwa. Halafu ndiyo unaambiwa umekosea."

"Anipige nani? Mie nshazunguka, nshamtia, nshatoka. Yeye bado anautafuta uso wangu ulikohamia."

"Na ukimtia unamtia na nini? Na mgongo wa mkono. Haramu hiyo. Kama kiwiko, kama kichwa, kama kumpiga mtu kisogoni."

"Nani kasema?"

"Sheria."

"Umeisoma wapi, kwenye feni?"

Barza ikacheka. Masoud naye akacheka, ila alikuwa mtu wa kucheka huku hajaacha ubishi.

"Basi kesho nenda na teke," akasema. "Kwa kuwa na lenyewe hujasoma popote kuwa limekatazwa."

Hapo ndipo wanaume wakacheka kweli, na muuza kahawa akaongeza kugonga vikombe vyake kwa furaha. Ubwa alikuwa mtu wa kuvumilia njaa, jua na deni, lakini kuchekwa hakuweza. Akasimama, kikombe mkononi.

"Wallahi, Masoud, pigo langu likiwa haramu kwenye ngumi, Nadra kaachika."

Vikombe vikanyamaza. Ndani, kastabini ya kidoleni mwa Nadra iliyokuwa ikigongagonga sindano nayo ikanyamaza. Kisha dirisha lililo juu ya vichwa vyao likafungwa, ubao mmoja, halafu wa pili, taratibu, kama mtu anayefunga kasha la sanda.

"Nimesema nini?" Ubwa akauliza.

"Umeshasema," alijibu muuza kahawa, akakichukua kikombe kutoka mkononi mwake, na kilikuwa hakijafika nusu.

*

Alipozunguka kufika mlangoni, godoro lilikuwa limeshatangulia. Lilikaa barzani, limekunjwa vizuri, na juu yake mto, msuani wake wa kulalia na mswaki.

"Nadra."

"Naam," ikaja sauti, tamu kama ya binti wa chuoni.

"Nifungulie."

"Nimfungulie nani?"

"Mimi. Mumeo."

"Hilo ndilo nnalolingoja na mie kulijua. Ikithibiti kuwa ni mume wangu, ntafungua. Ikithibiti kuwa ni mwanamume wa watu, basi ntakuwa nimemfungulia mwanamume wa watu usiku usiku, na mie mtoto wa watu."

"Usiku gani? Jua hili."

"Linakuchwa."

Bi Mwatima alikuwa anatoka kwa jirani Bashira na chombo chake cha kuazima, akamkuta mwanawe kasimama na mswaki. Alishasikia. Mtaa mzima ulishasikia, na waliokuwa hawajasikia walikuwa wanaelezwa.

"Mama, mwambie afungue."

"Nimwambie mie? Mie hapa nimekuja kwa jina lako, baba. Wewe ukiachwa nje, na mie nianze kutafuta kamba ya kufungia mzigo."

Mlango ukafunguka upana wa kiganja.

"Wewe hujaachika, mama," Nadra akasema. "Ingia, chai inapoa."

Bi Mwatima akaingia. Alipita ubavu, akajibana kama mtu anayekwepa kumgusa mgonjwa, na komeo likalia nyuma yake. Ubwa alisikia sukari ikikorogwa.

Chakula alipewa, asije mtu akasema Nadra alimtesa. Kilipitishwa dirishani, na mkono uliokileta ulikuwa umefunikwa khanga mpaka kwenye kucha, kama unavyomfunikia mtu usiyemjua aliyekuja kusoma mita. Miaka tisa mkono ule ulimsugua mgongo. Sasa hata kidole gumba hakukiona.

*

Jumatatu baada ya adhuhuri alikwenda kwa Shekhe Msabah, aliyekuwa akisomesha msikiti wa mtaani. Shekhe alimsikiliza mpaka mwisho huku anachana ndevu kwa vidole.

"Ulipoapa, uliamini kuwa pigo lako halali?"

"Niliamini, Shekhe, kama ninavyoamini leo Jumatatu."

"Hukutia shaka?"

"Shaka ninaianza leo."

"Na hizo nyengine mbili zilikuwa kwa nini?"

Ubwa akasema moja pweza, moja penalti. Shekhe aliinamisha kichwa, na mabega yake yakatikisika kidogo. Ubwa alidhani analia kwa uzito wa jambo.

"Njoo kesho alasiri," Shekhe akasema. "Ntakupa jibu lako. Huenda si baya."

Kesho yake asubuhi Nadra na Bi Mwatima walivaa mabuibui yao wakatoka. Walipita mbele ya Ubwa aliyekaa juu ya godoro lake, wakamwamkia kwa adabu kama wanavyomwamkia mlinzi. Waliporudi aliuliza walikuwa wapi.

"Tumekwenda kununua uzi," Bi Mwatima akajibu. Mikononi hawakuwa na kitu.

Alasiri alipofika msikitini akamkuta Shekhe kawa mwengine kabisa. Uso umekunjwa, sauti nzito.

"Jambo lako zito, Ubwa. Sharti ulilifunga kwenye ngumi, basi lazima lifunguliwe na watu wa ngumi. Mie sijui ulingo. Nitafutie mwamuzi mwadilifu, na hilo pigo lionekane kwa macho. Liwe halali kwao, umesalimika. Liwe haramu…" Akageuza kiganja juu chini. "Mpaka siku hiyo ukae mbali na huyo mwanamke."

"Jana si ulisema huenda si baya?"

"Jana sikuwa nimelifikiria," alisema Shekhe Msabah, akafungua msahafu kwa haraka ya mtu anayejificha.

*

Mwamuzi alikuwepo. Bwana Kurwa, mzee mfupi wa Ng'ambo ambaye babu yake alitoka bara, alikuwa ndiye anayechezesha mapambano kwenye lile banda. Alisema atakuja Jumamosi. Ubwa akabaki na siku zote hizo za kulala barzani kwake.

Mtu akilala nje ya mlango wake huonekana na kila mtu. Wanawake wanaokwenda sokoni walimpa pole kwa sauti ya chini, wakifika pembeni wakaangua kicheko kwa sauti ya juu. Muuza kahawa aliendelea kumtilia nusu kikombe, na alipouliza kwa nini, akaambiwa, "Mpaka tujue wewe ni nani." Kuoga alioga msikitini. Mvua ya Jumatano ilimkuta na godoro lake, akalivuta huku na huku kutafuta pa kulificha, na akaona vidole vinachungulia kwenye upenyo wa dirisha, kisha vinaondoka.

Lakini kilichomkata maini kilikuwa kofia.

Nadra alikuwa anamdarizia kofia ya sikukuu, ya vitobo vidogo vidogo, kazi ya miezi. Sasa Alhamisi, Bashira, ambaye mdomo wake haukuwahi kulala na njaa, alipita barzani akasimama.

"Ubwa, kaka yangu, kichwa cha Masoud unakijua namba ngapi?"

"Cha nini?"

"Sijui mie. Nimemuuliza mwenyewe, kasema hajui. Nimetumwa. Na Nadra."

Ubwa alikwenda mpaka kibandani kwa Masoud bila viatu. Akamkuta kashika feni ya watu, na juu ya meza kuna bakuli la halua limefunikwa kawa. Kawa lile alilijua. Lilikuwa la jikoni kwake.

"Masoud, ulipobishana na mie Jumapili, ulikuwa unabishana kwa ajili ya ngumi?"

"Kwa ajili ya nini kingine?"

"Wewe mtu uliyefiwa."

Masoud akaiweka feni chini. Uso ulimwiva. "Nimefiwa na mke, Ubwa, sikufiwa na haya. Halua nimeletewa sikuomba. Namba ya kichwa nimeulizwa nikasema sijui, na kweli sijui, kofia zangu huwa nazijaribu." Kisha akashindwa kujizuia. "Ila halua nzuri."

Ubwa hakulala vizuri. Ijumaa alfajiri, kabla jua halijachomoza, alikwenda uani nyuma ya nyumba, kwenye pipa la maji, akaanza kuzunguka. Maana katika wiki ile alikuwa amewauliza watu wa ngumi mmoja mmoja, kwa kuzungukazunguka, na wote walisema mamoja: kinachohesabiwa ni vifundo vya mbele vya ngumi iliyofumbwa. Mgongo wa mkono si ngumi. Basi akawaza, kwani nikizunguka, halafu mwisho nikakipinda kiganja vifundo vikatangulia? Alijaribu. Mkono ulipindika kama unakamua tambara, kiwiko kikalia, na pigo lenyewe likatoka nyonge, la kumfukuza inzi. Lakini vifundo vilitangulia. Akazunguka tena. Akazunguka mpaka kizunguzungu.

"Hilo silo," ikasema sauti kutoka dirisha la jikoni.

Akashtuka. Nadra alikuwa amekaa nyuma ya nondo, khanga kichwani, anachambua mchele.

"Silo nini?"

"Silo unalopiga. Miaka tisa unazunguka mbele yangu chumbani, unavunja vioo vyangu, leo nisilijue? Unalopiga wewe ni la kinyume cha mkono."

"Na hili pia langu."

"Hilo limezaliwa leo." Akapepeta. "Fanya utakavyo. Ila mie sitaki kurudishwa na kiganja kilichopindwa. Mume nikimpata nimpate, nikimkosa nimkose. Sikai na wa kubahatisha."

"Unataka kuachika, Nadra? Halua umepeleka."

"Halua nimempelekea jirani. Kwani na kumpa jirani kumeingia kwenye sheria za ngumi?"

Akainuka na ungo wake, akampa mgongo, akaenda zake.

*

Jumamosi banda lilijaa kuliko siku ya pambano. Waliokuja walisema wamekuja kwa ajili ya sheria. Wanawake walikaa upande mmoja juu ya mkeka, Nadra katikati, kofia yake mapajani, anashona kama aliyekuja kumsubiri fundi cherehani.

Shekhe Msabah alipofika kwenye ngazi ya ulingo aliona turubai limetandikwa safi, akavua viatu. Bwana Kurwa akamtazama, akavua vyake. Basi na mabondia nao wakavua, na kila aliyepanda siku ile alipanda miguu mitupu.

"Kabla hatujaanza," Shekhe akauliza, "haya yote mnayapiga usoni?"

"Usoni ndiko kwenye pointi, Shekhe."

"Sisi uso tumeambiwa tusiuguse."

"Ndiyo maana mie sikusomea dini," alisema Bwana Kurwa kwa unyenyekevu.

Akaieleza sheria. Ngumi ifumbwe, ipige kwa vifundo, kwa mbele, juu ya mkanda, si kisogoni, si kwenye figo. Si kiwiko, si kichwa, si kiganja kilichofunguliwa, na si mgongo wa glavu. Anayepiga hivyo huonywa, akirudia hukatwa pointi, akizidi hutolewa. "Kuzunguka peke yake hakujakatazwa," akasema. "Mtu anaweza kuzunguka mpaka asubuhi. Swali ni kinachofika mwisho wa mzunguko ni kitu gani."

"Na tutajuaje?" Shekhe akauliza. "Mkono wenyewe upepo."

Bi Mwatima alikuwa amekuja na jibu ndani ya makopo mawili. Akapanda taratibu, magoti yanalia, akaipaka glavu ya mwanawe manjano kwenye vifundo na masizi ya chungu kwenye mgongo. Kisha akamtundikia Masoud kifuani foronya nyeupe, akaifunga shingoni kama bibu ya mtoto.

"Ikija njano, tunakula wali," akasema. "Ikija nyeusi, mie nnarudi Kizimkazi."

"Nisimame tu?" Masoud akauliza.

"Simama kama bondia," Bwana Kurwa akajibu. "Tuone na faida yake."

Ubwa alimjia Masoud kwa madaha, akajifanya anakwenda kulia, akazunguka. Masoud aliona mgongo umemjia bure, akanyoosha mkono wa kushoto, wala hakuutia nguvu. Ubwa akakaa chini. Banda likaguta. Akainuka, akajifuta, akazunguka kwa kasi zaidi, na Masoud akapiga hatua moja nyuma; mkia wa taa ukapita hewani, ukampeleka mwenyewe mpaka kwenye kamba. Mara ya tatu Masoud alimgusa tu begani akiwa katikati ya mzunguko, na Ubwa akamaliza mzunguko akiwa anamtazama Shekhe.

"Mbona hamna rangi?" Shekhe akauliza.

"Halijafika," alisema Bwana Kurwa. "Hilo la kufaa, Shekhe, nshakwisha kulitolea hukumu. Ukimpa mtu mgongo humuoni, naye anakuona. Sasa tusaidie la uhalali. Masoud, mwanangu, tuhurumie, usimame."

Masoud akasimama kama mlingoti, macho kafumba.

Ubwa akaitazama foronya. Akamtazama mama yake na makopo yake. Kwenye mkeka kastabini ilikuwa inaendelea, tik, tik, tik. Akavuta pumzi, akazunguka, na mwisho wa mzunguko akakipinda kiganja kama alivyojifunza kwenye pipa la maji.

Tap.

Foronya ikawa na duara la njano, safi, kama yai.

Wanaume wakapiga kelele za furaha. Mtu mmoja akatupa kofia yake juu. "Vifundo," akatangaza Bwana Kurwa, ijapokuwa uso wake ulikuwa na mashaka. "Halali. Nyonge, lakini halali." Bi Mwatima akasema alhamdulillahi na akaanza kufunika makopo. Masoud akafumbua macho akatabasamu, na kwenye tabasamu lile hapakuwa na kitu ila faraja, na Ubwa akaliona, na likamwuma.

Akageuka upande wa mkeka. Wanawake wote walikuwa wanamtazama, isipokuwa mmoja. Nadra alikuwa ameinua sindano usawa wa jicho, anatia uzi, na midomo yake imekazana kwenye ncha ya uzi.

"Hilo silo," Ubwa akasema.

Kelele hazikuisha. Akarudia kwa nguvu.

"Silo nini?" Bwana Kurwa akauliza.

"Silo pigo langu. Hilo nimejifunza jana. Nililoapia ni hili. Masoud, simama."

"Ubwa, ndugu yangu, ishatosha…"

"Simama."

Akazunguka. Safari hii hakufikiri kiganja wala kifundo. Mwili wenyewe ulikumbuka, kisigino kikauma turubai, na mgongo wa mkono ukaja na uzito wote. Masoud alikwenda nyuma hatua tatu akakaa. Kwenye foronya, pembeni ya njano, kulikuwa na doa jeusi kubwa kama sufuria ya harusi.

Bwana Kurwa akainama, akaligusa, akaonesha kidole chake cheusi.

"Haramu," akasema polepole.

"Ndiyo," Ubwa akasema. Akakaa na yeye kwenye turubai, akivuta kamba za glavu kwa meno. "Masoud alisema kweli. Mie nilikuwa sijui, na nikaapa. Nimekosa."

Watu wa Amani waliomjua Ubwa toka ahamie mjini wanasema neno hilo hawakuwahi kulisikia likitoka kinywani mwake kabla ya siku hiyo. Sindano ya Nadra ilisimama.

Shekhe Msabah akakohoa.

"Ubwa. Siku ya kwanza nilikuuliza, ulipoapa uliamini? Ukasema uliamini."

"Niliamini, Shekhe."

"Aliyeapa juu ya jambo lilivyo, na moyoni mwake anaamini ndivyo, kisha likadhihiri sivyo, talaka haimwangukii. Ndivyo nilivyosoma na ndivyo ninavyotoa fatwa. Mkeo hajaachika. Hakuachika Jumapili, na leo hajaachika. Za pweza na penalti zilikuwa nyengine, zile ulizitundika kwenye jambo lisilokuwa bado, likaja likakukuta. Umebakiwa na moja, na umeichezea kama gololi."

Ubwa alibaki mdomo wazi, kamba ya glavu inaning'inia kwenye jino.

"Ulijua tangu Jumatatu?"

"Jumatatu sikuwa na shaka kubwa."

"Mbona hukunambia? Nimenyeshewa mie, Shekhe."

"Niliombwa nichelewe kidogo. Niliambiwa wali wa nazi ukifunuliwa mapema hauivi." Shekhe akaanza kuvitafuta viatu vyake kwa bidii, navyo vilikuwa mbele yake. "Nikaona ombi halina dhambi."

"Nani kakuomba?"

Kwenye mkeka Nadra alikuwa keshakunja kofia yake, keshajitanda buibui, anaelekea mlangoni, na mgongo wake ulikuwa mnyoofu kama msumari.

"Nasema tena kwa faida ya vijana," Bwana Kurwa akasema. "Pigo la kumpa mtu mgongo halifai."

"Halifai kwako hapo ulingoni, mwanangu," Bi Mwatima akamjibu, anateremka na makopo yake. "Huyo mkwe wangu kampa mtu mgongo toka Jumapili. Hebu mtazame Ubwa alivyokalishwa chini."

*

Mlango aliukuta wazi. Godoro lilikuwa juani uani, linapigwa fimbo na Bi Mwatima kutoa harufu ya barza. Nadra alikuwa kitandani, kofia imekwisha.

"Jaribu."

Ubwa akaishika kama kitu cha kuazima. "Si ya Masoud?"

"Masoud ana kichwa cha watu wawili. Nilimuulizisha ili wewe usikie. Jaribu."

Akaivaa. Ilimkaa sawasawa, wala haikumbana wala haikuyumba.

"Imenikaa," akasema, akastaajabu, maana aliona ni ndogo kuliko zake zote.

"Nimepunguza namba moja," Nadra akasema. "Nilijua kichwa kitakuwa kimenywea."

Siku hizi barza imerudi kama zamani. Juzi walikuwa wanabishana juu ya bondia mmoja anayemkanyaga mwenzake mguu halafu ndiyo anapiga, Masoud anasema ni makosa, Ubwa anasema ni ujanja, na wanaume wanacheka, na Ubwa akainuka, shingo imemvimba.

"Wallahi, Masoud, ikiwa kukanyaga mguu…"

Juu yake, kwenye ubao wa dirisha, kastabini ikagonga. Tik, tik.

Muuza kahawa akashika vikombe vyake visilie.

"…ikiwa kahawa bado ipo," Ubwa akamalizia, akikaa taratibu, "basi nitilie."

Muuza kahawa akamtilia, mpaka juu.